Bao Katika Kompyuta: Kanuni za Wachezaji wa Mwambao wa Ziwa Nyasa Ziandikwe Kwanza

Mchezo wa bao, ambao kwa vizazi vingi umechezwa vibarazani, masokoni na katika vijiwe vya wavuvi kuanzia visiwa vya Zanzibar hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, sasa unachezwa pia kwenye skrini za kompyuta na simu janja. Zipo programu zinazomwezesha mtu kucheza dhidi ya mashine, kucheza na mwenzake aliye mbali, kurudia mchezo uliokwisha na kuchunguza ni hatua gani iliyomfanya ashinde au ashindwe.

Hata hivyo, programu haijui bao kwa asili yake. Inajua tu kile ambacho mtengenezaji wake ameandika. Iwapo kanuni zilizoingizwa ni za eneo moja, kijana atakayejifunzia kwenye simu atazichukua kuwa ndizo kanuni pekee, na namna za kucheza ambazo hazikuandikwa popote zitapotea pamoja na wazee wanaozifahamu. Kwa sababu hiyo, maeneo kama Liuli, katika Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, yana nafasi ya pekee katika kazi hii. Makala haya yanaeleza jinsi programu za bao zinavyofanya kazi, utafiti uliofanyika, na mambo yanayopaswa kuandikwa kutoka kwa wachezaji wenyewe kabla ya kukabidhiwa mashine.

LIULI NA NJIA ZA BAO

Liuli ipo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Mbamba Bay ambako ndiko makao makuu ya Wilaya ya Nyasa. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kutoka Wilaya ya Mbinga. Wakati wa utawala wa Wajerumani bandari hiyo iliitwa Sphinxhafen kutokana na umbo la mwamba mkubwa uliopo hapo, ambao wenyeji huuita Jiwe la Pomonda. Mwezi Agosti, 1914 bandari hiyo iliingia katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia pale meli ya Uingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Ziwa hilo limekuwa njia ya watu, bidhaa na maarifa. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliunganisha eneo la Ziwa Nyasa na bandari ya Kilwa. Baadaye misheni ya Kianglikana iliyofanya kazi Zanzibar ilifanya kazi pia katika mwambao wa ziwa, ikiwemo Liuli. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, mchezo huu huitwa bawo na una wapenzi wengi. Mchezaji wa Liuli, kwa hiyo, yupo katikati ya pande mbili zenye mapokeo makubwa ya bao, yaani pwani ya Waswahili upande wa mashariki na Malawi upande wa magharibi.

Nchini Tanzania bao limepata heshima hata kwa viongozi wa ngazi za juu. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alijulikana kuwa mpenzi wa mchezo huo. Pamoja na heshima hiyo, sehemu kubwa ya maarifa ya bao bado imo vichwani mwa wachezaji na hurithishwa kwa kutazama na kucheza.

MCHEZO WENYEWE

Ubao wa bao una safu nne zenye mashimo manane kila moja, hivyo jumla ni mashimo 32. Kete ni 64, na kila mchezaji anaanza na kete 32. Kete zinazotumika sana ni komwe, yaani mbegu ngumu za mkomwe, ingawa mawe madogo nayo hutumika. Pale pasipo na ubao wa kuchonga, vishimo huchimbwa ardhini na mchezo ukaendelea.

Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mashimo mawili ya mwisho katika safu ya mbele, la kushoto kabisa na la kulia kabisa, huitwa vichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ni nyumba, na katika mbao nyingi za kuchonga huwa na umbo la mraba ili litofautiane na mengine.

Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huweka kete sita ndani ya nyumba na kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi. Hatua ya kwanza ya mchezo huitwa kunamua. Kila mchezaji kwa zamu yake huingiza kete moja katika shimo lake la mbele lenye kete. Iwapo shimo la mbele la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, mchezaji huzila kete hizo na kuzisambaza upande wake kuanzia kwenye kichwa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezo wa zamu hiyo unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, kete imelala na zamu inahamia kwa mwenzake. Anayeweza kula ni lazima ale. Asiyeweza kula hutakata, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kula.

Kete za mkononi zikiisha huanza hatua ya pili, ambapo mchezaji huanzia kwenye shimo lake lolote, la mbele au la nyuma, lenye kete mbili au zaidi. Hatua ya kula huitwa mtaji. Anayebaki bila kete katika safu ya mbele, au asiyekuwa na hatua anayoweza kuicheza, ameshindwa. Kwa wanaoanza kujifunza ipo namna nyepesi, bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo na hakuna kete za mkononi.

Mbao zenye mashimo 32 na kete 64 zipo pia kwa majirani, kama vile omweso nchini Uganda na igisoro nchini Rwanda. Kufanana kwa ubao hakumaanishi kufanana kwa mchezo. Katika omweso, kwa mfano, mchezaji hula kete za shimo la mbele na la nyuma la mpinzani kwa pamoja, wakati katika bao huliwa kete za safu ya mbele peke yake. Mtengenezaji wa programu anayechanganya kanuni hizo atakuwa ametengeneza mchezo ambao haupo mahali popote.

PROGRAMU YA BAO INAFANYA NINI

Programu kamili ya bao huwa na sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya hali ya ubao. Kwa mashine, ubao ni orodha ya namba 32 zinazoonesha idadi ya kete katika kila shimo, pamoja na namba mbili za kete zilizobaki mikononi, alama ya nani mwenye zamu, na alama ya kama nyumba ya kila mchezaji bado ipo au imeshavunjwa.

Sehemu ya pili ni kanuni. Hapa programu huorodhesha hatua zote halali katika hali iliyopo na kusambaza kete sawasawa na kanuni hizo. Hii ndiyo sehemu inayobeba urithi wenyewe, na ndiyo yenye kasoro nyingi zaidi pale mtengenezaji anapokuwa hakuketi na wachezaji.

Sehemu ya tatu ni fikra. Mashine hutazama hatua zake zote, kisha majibu yote ya mpinzani, kisha majibu yake kwa majibu hayo, kama mti unaotoa matawi. Kwa kuwa matawi ni mengi mno, programu hupogoa yale ambayo yameonekana mapema kuwa hayana faida, na mwishoni hukadiria ubora wa kila hali kwa kuhesabu mambo kama idadi ya kete za mbele, usalama wa nyumba na idadi ya mitaji iliyo wazi. Mbinu ya namna hii, ikiwa imeongezewa nguvu kubwa ya mashine, ndiyo iliyoiwezesha kompyuta Deep Blue kumshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, mwaka 1997.

Sehemu ya nne ni ya kujifunzia. Mchezo huandikwa hatua kwa hatua kwa herufi za safu na namba za mashimo, huhifadhiwa katika faili, hurudiwa nyuma na kuchezwa upya kwa njia tofauti. Mchezaji wa kibarazani hana nafasi hiyo, kwani kete zikishasambazwa, hali ya ubao iliyotangulia imebaki katika kumbukumbu ya waliokuwepo.

KWA NINI BAO NI GUMU KWA MASHINE

Ugumu wa kwanza ni wingi wa hali. Kete 64 zinaweza kupangwa katika mashimo 32 kwa namna zinazokaribia moja ikifuatiwa na sufuri 25. Kwa kulinganisha, mchezo wa awari wa Afrika Magharibi una mashimo 12 na kete 48. Mwaka 2002 watafiti John Romein na Henri Bal wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit, Amsterdam, nchini Uholanzi, walikokotoa hali zote za awari zinazoweza kutokea, ambazo ni 889,063,398,406, na kuthibitisha kuwa wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Mipangilio ya kete katika bao ni mingi kuliko hali hizo za awari kwa takribani mara trilioni 10. Kulimaliza bao kwa njia waliyoitumia watafiti hao kunahitaji hifadhi ya data iliyo kubwa kupita kiasi.

Ugumu wa pili ni mwendo wa zamu moja. Katika sataranji hatua moja huhamisha kipande kimoja. Katika bao, zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, ikila, ikisambaza na kula tena, hadi sura yote ya mchezo ibadilike. Ndiyo maana mchezaji mahiri husifiwa kwa uwezo wa kuona mahali kete ya mwisho itakapolala kabla hajagusa kete ya kwanza.

Ugumu wa tatu ni hatua zisizokwisha. Mwaka 2006 watafiti Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alexander de Voogt walichapisha utafiti kuhusu hali za ubao ambazo zamu iliyoanzishwa huendelea kuzunguka bila kete kulala kamwe. Kibarazani wachezaji na watazamaji hukata shauri wao wenyewe. Programu isiyopewa kanuni kuhusu jambo hilo itaendelea kusambaza kete hadi simu igande.

UTAFITI ULIOFANYIKA

Bao limevutia watafiti kwa muda mrefu. Alexander de Voogt aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995, tasnifu ya uzamivu kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao, baada ya kufanya kazi na wachezaji wa Zanzibar. Kazi hiyo ilionesha kuwa umahiri wa bao unaweza kuchunguzwa kisayansi kama ule wa sataranji, na iliandika kanuni ambazo hadi wakati huo wachezaji walizibeba vichwani.

Maandishi hayo ndiyo yaliyowapa msingi wataalamu wa kompyuta. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht waliandika mwaka 2002 kuhusu namna ya kutengeneza programu ya bao, wakieleza kanuni kwa usahihi ambao mashine inaweza kuufuata. Chuo hicho hicho baadaye kilikuwa kitovu cha mradi wa kutengeneza Ludii, mfumo wa kompyuta uliokusanya michezo ya jadi ipatayo 1,000 kutoka pande zote za dunia. Mradi huo uliongozwa na Cameron Browne, na ulianza mwaka 2018 kwa ufadhili wa Baraza la Utafiti la Ulaya. Mfumo wa Ludii hutumia lugha maalumu ya kueleza kanuni, hivyo mtu akibadili kanuni moja anaweza kuona mara moja jinsi mchezo unavyobadilika.

Mtiririko huo una funzo muhimu. Wachezaji walizungumza, mtafiti akaandika, na ndipo mtaalamu wa kompyuta akatengeneza programu. Zanzibar ilipata nafasi katika kompyuta za dunia kwa sababu wachezaji wake walisikilizwa na maneno yao yakaandikwa. Mwambao wa Ziwa Nyasa nao unastahili utaratibu huo.

MASWALI AMBAYO PROGRAMU HULAZIMIKA KUYAJIBU

Kibarazani, kanuni yenye utata hujadiliwa pale inapojitokeza. Mashine haina mjadala, inahitaji jibu kamili kabla mchezo haujaanza. Mambo yafuatayo ndiyo yanayopaswa kuulizwa kwa wachezaji wa kila eneo na kuandikwa kama walivyosema:

1. Nyumba. Katika kanuni zilizoandikwa, nyumba huhesabiwa kuwa hai ikiwa na kete sita au zaidi na haijawahi kuvunjwa. Katika zamu ya kula, kete ya mwisho ikiangukia humo, mchezaji huchagua kulala au kusafiri. Je, wachezaji wa eneo husika huhesabu hivyo hivyo? Je, nyumba iliyokwisha kuvunjwa ikijazwa tena hupata haki zake za awali?

2. Mwanzo wa mchezo. Kete zinapangwaje na ni ngapi zinabaki mkononi? Nani anaanza, na katika mchezo wa marudiano nani anaanza?

3. Vichwa na kimbi. Mchezaji akila kwenye kimbi, analazimika kuanzia kichwa cha upande huo, au ana hiari?

4. Kutakasia. Kanuni hii, katika masharti maalumu, humzuia mpinzani kulihamisha shimo moja linalotishiwa kuliwa. Ina masharti mengi na isipokuwa nyingi. Ni miongoni mwa kanuni ambazo mwanafunzi hujifunza mwisho na mtengenezaji wa programu huikosea mapema.

5. Shimo lenye kete nyingi. Katika kanuni zilizoandikwa, hatua ya pili ya mchezo hairuhusu kuanza kula kwa shimo lenye kete zaidi ya 15. Kikomo hicho kipo, na kama kipo ni kiasi gani?

6. Zamu isiyokwisha. Ikitokea, zamu inasimamishwa vipi na nani anaamua?

7. Adabu ya mchezo. Kete iliyoguswa inaweza kurudishwa? Mtazamaji anaruhusiwa kusema? Mchezaji anaruhusiwa kuhesabu kete za shimo kwa kuzitoa nje?

8. Maneno. Kila hatua, kila shimo na kila aina ya ushindi vinaitwaje kwa Kiswahili cha hapo na kwa lugha ya wenyeji?

Swali la mwisho lina uzito unaolingana na mengine. Maneno kama kunamua, kutakata, mtaji, kimbi na kulala yamebeba fikra nzima ya mchezo. Programu inayotumia maneno ya kigeni kwa vitu vyenye majina ya Kiswahili humfundisha kijana mchezo huku ikimnyang'anya lugha yake.

KUJIFUNZA KWA PROGRAMU: MFANO MMOJA

Faida ya programu kwa mwanafunzi inaweza kuonekana katika hatua ya kwanza kabisa ya mchezo. Mashimo ya mbele yahesabiwe 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji anayeanza. Shimo la 5, yaani nyumba, lina kete sita. La 6 na la 7 yana kete mbili mbili. Kwa kuwa mpinzani amekaa upande wa pili, nyumba yake inatazamana na shimo la 4 la mchezaji huyo, na mashimo yake mengine mawili yenye kete yanatazamana na la 3 na la 2. Hakuna kete zinazotazamana, hivyo anayeanza hawezi kula. Atatakata.

Tuseme anaingiza kete moja katika shimo la 6, likawa na kete tatu. Akizisambaza kuelekea kushoto, moja inaingia kwenye nyumba, moja kwenye shimo la 4 na ya mwisho inalala kwenye shimo la 3. Nyumba imeongezeka hadi kete saba, lakini mashimo ya 3 na 4 sasa yana kete moja moja zinazotazamana na kete za mpinzani. Mpinzani amepewa mtaji, na kwa kuwa kula ni lazima, atakula.

Akizisambaza kete hizo hizo tatu kuelekea kulia, moja inaingia shimo la 7, moja shimo la 8 na ya mwisho inalala katika shimo la nyuma ya kichwa cha kulia. Nyumba inabaki na kete sita, na hakuna kete yake inayotazamana na kete za mpinzani. Mpinzani hana cha kula, naye atalazimika kutakata.

Shimo ni lile lile na kete ni zile zile, lakini mwelekeo umebadili mchezo. Mwalimu anaweza kueleza hayo kwa maneno, na programu inaweza kuyaonesha yote mawili kwa dakika moja, ikarudi mwanzo na kumwacha mwanafunzi ajaribu njia ya tatu.

Ipo, hata hivyo, tahadhari. Programu nyingi husambaza kete zenyewe mara mchezaji anapogusa shimo. Anayejifunza kwa namna hiyo hutazama tu kete zikitembea na hajifunzi kuhesabu, ilhali kuhesabu mbele ndiko moyo wa bao. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufundisha inapaswa kumtaka mwanafunzi aoneshe kwanza shimo ambalo kete ya mwisho italala, ndipo isambaze na kumwonesha kama alikuwa sahihi. Vilevile inapaswa kufanya kazi bila intaneti, iwe na maelezo ya Kiswahili, na iweze kutumika kwenye simu za bei nafuu, ili shule na vijiji vilivyo mbali na miji viweze kunufaika.

HAKI NA URITHI

Bao halina mtunzi mmoja anayeweza kudai umiliki wa kanuni zake. Ni mali ya jamii zinazolicheza. Kwa upande mwingine, programu ya kompyuta ni kazi ya mtu au taasisi iliyoitengeneza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na pia ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zinazorithishwa katika jamii. Anayekusanya kanuni na maneno kutoka kwa wazee anapaswa kuwaeleza matumizi yake, kupata ridhaa yao na kutaja katika programu kuwa kanuni hizo zinatoka eneo gani.

Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Mkataba huo unazitaka nchi kuutambua na kuuorodhesha urithi wake kwa kushirikiana na jamii zinazoumiliki. Michezo ya aina ya bao imeshapata nafasi katika ngazi ya dunia. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza katika orodha yake michezo ya mashimo na kete ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki, iliyowasilishwa na nchi hizo kwa pamoja. Mfano huo unaonesha kuwa mchezo unaovuka mipaka unaweza kulindwa kwa ushirikiano wa nchi jirani, jambo ambalo lina maana kwa ziwa lenye bao upande huu na bawo upande wa pili.

NAMNA YA KUANZA

Kazi ya kuandika kanuni haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji ubao, wachezaji wawili wazoefu, simu yenye kamera, daftari na mtu anayejua kuuliza. Mchezo mzima urekodiwe kwa picha mjongeo zinazoonesha mashimo yote. Kila penye utata mchezo usimamishwe na wachezaji waeleze sababu ya uamuzi wao. Wanawake na vijana wanaocheza nao waulizwe, kwani kanuni zinaweza kutofautiana hata ndani ya kijiji kimoja. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe katika nakala zaidi ya moja, mojawapo ibaki katika shule au ofisi ya kijiji husika.

Shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta zinaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la wanafunzi wa somo la kompyuta, kwa sababu kuandika kanuni za bao la kujifunza ni kazi inayofundisha orodha, masharti na mizunguko, ambayo ndiyo misingi ya lugha zote za kompyuta. Mwanafunzi atakuwa na walimu wawili, mmoja darasani na mwingine kibarazani. Programu yake ikikosea, mzee aliyemfundisha ataliona kosa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Maofisa utamaduni wa halmashauri, vyuo vikuu na wabunifu wa TEHAMA nao wana sehemu yao, wa kwanza kwa kuwatambua wachezaji, wa pili kwa kuthibitisha kumbukumbu, na wa tatu kwa kutengeneza programu inayoruhusu kanuni za maeneo mbalimbali kuwekwa bega kwa bega, kila moja na jina la mahali ilikotoka. Mtumiaji akifungua programu ya namna hiyo ataweza kuchagua bao la Zanzibar, bawo la Malawi au bao la Liuli, na kujua tofauti zake.

Programu inaweza kuandikwa upya wakati wowote. Kanuni ambayo mzee ameondoka nayo bila kuulizwa haiwezi kurudishwa na kompyuta yoyote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtengenezaji wa programu ya bao ni kwenda kukaa na wachezaji, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa wachezaji hao bado wapo.